Kujifunza Mwili ni Kumheshimu Muumba

Na utolewe mfano wa jamaa moja katika vijiji vya Kirungu, juu milimani, mahali ambapo mtu akitazama upande wa mashariki huliona Ziwa Tanganyika chini yake. Katika jamaa hiyo alikuwamo mzee mmoja, mkatekumeni wa mwaka wa tatu. Dada yake alikuwa na binti, naye binti huyo alisoma katika chuo cha uuguzi. Karo yake ililipwa na mjomba, kwa kuuza mihogo na maharagwe, maana katika nchi ile mjomba ndiye nguzo ya watoto wa dada yake.

Katika mwaka wa kwanza wa chuo, somo moja huwatisha wanafunzi wengi: ni somo la mwili wa mwanadamu. Lina sehemu mbili. Anatomia yafundisha viungo: kila kimoja kina umbo gani, nacho kimekaa mahali gani. Fiziolojia yafundisha kazi: kila kiungo chafanya nini, na viungo vyasaidianaje. Binti akarudi nyumbani wakati wa likizo na daftari nene, limejaa michoro ya mifupa, mishipa na moyo, na majina mengi ya Kifaransa na Kilatini. Usiku alikaa karibu na taa akiyakariri, kama vile mjomba wake alivyozikariri Amri za Mungu upande wa pili wa taa ileile.

Jirani mmoja alipita, akaona katika daftari mchoro wa fuvu la kichwa. Akauliza, naye binti akajibu bila kuficha kwamba chuoni wanafunzi hushika mifupa ili kuijua. Kesho yake neno likaenea kijijini: "Binti huyu anacheza na wafu."

Juma lilelile mtoto wa miaka 3, wa nyumba ya pili, akashikwa na homa kali. Mwili wake ukakakamaa na kutetemeka, macho yakageuka. Baba yake akaenda kwa mpiga ramli. Mpiga ramli akasema kwamba ugonjwa ule umetoka kwa mjane mzee akaaye peke yake kando ya kijito, naye binti, kwa kushika mifupa ya wafu, ndiye aliyemfungulia mlango. Vijana wakaanza kutafuta fimbo. Wazee wakamwendea mkatekumeni yule, wakamtaka aseme neno moja tu, kwamba yuko pamoja nao.

Mzee akanyamaza. Aliijua Amri ya kwanza, iwakatazao watu kuwategemea waaguzi badala ya Mungu. Aliijua ya tano, iulindayo uhai wa jirani. Aliijua ya nane, imlindayo jirani na ushahidi wa uongo. Alikwisha kuzijibu zote mbele ya padri bila kukosa. Lakini usiku ule hakuulizwa na padri. Aliulizwa na watu wenye fimbo. Hapo ndipo ujuzi wa mkatekumeni hupimwa.

Je, ni dhambi kuujifunza mwili?

Wako watu wadhanio kwamba mwili ni siri isiyopasa kuguswa, na kwamba anayeichunguza mifupa huwakasirisha wafu. Imani ya Kanisa haisemi hivyo. Mwili si kazi ya shetani. Ni kazi ya Mungu mwenyewe, aliyemwumba mtu mwili na roho, akaona kwamba ni vema. Tena Mwana wa Mungu alipotaka kuwakomboa watu alitwaa mwili katika tumbo la Bikira Maria. Alikuwa na mifupa, alikuwa na damu, moyo wake ulipiga. Pale msalabani ubavu wake ulichomwa kwa mkuki. Na siku ya tatu alifufuka na mwili uleule, wenye alama za madonda. Kwa sababu hiyo kila Jumapili Wakristu huungama kwamba wafu watafufuka. Dini yenye kusadiki hayo haiwezi kuudharau mwili, wala kuwakataza watu kuujua.

Kanisa lafundisha kwamba maiti yapasa kuheshimiwa, na kwamba kuwazika wafu ni tendo la huruma. Lakini hilohilo Kanisa laruhusu maiti ichunguzwe kwa ajili ya sheria au ya elimu, nalo lasifu ukarimu wa mtu atakaye kwa hiari yake mwenyewe kwamba baada ya kufa kwake viungo vyake viwafae wagonjwa. Kilichokatazwa ni dharau, elimu haikukatazwa. Katika vyuo vingi vya siku hizi mifupa ishikwayo na wanafunzi ni mifano iliyotengenezwa kwa plastiki. Lakini hata ikiwa ni mifupa ya kweli, mwanafunzi mwema huishika kwa unyamavu, kama amshikavyo mgonjwa aliye hai.

Kanisa lina hata Mwenye Heri mmoja aliyekuwa mchunguzi wa mwili. Jina lake Niels Stensen, mzaliwa wa Copenhagen, nchi ya Denmark, mwaka 1638. Yeye ndiye aliyeutambua mfereji uletao mate kinywani kutoka kwenye tezi iliyo mbele ya sikio. Alionyesha pia kwamba moyo ni msuli, yaani nyama yenye kujikaza na kulegea kama nyama ya mkono, wakati wenye elimu wengi walipowaza kwamba moyo ni kitu cha namna nyingine kabisa. Mwaka 1667 alipokewa katika Kanisa Katoliki. Mwaka 1675 akapewa upadri, na mwaka 1677 akawekwa askofu. Akafa maskini mwaka 1686. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri mwaka 1988. Kisu cha uchunguzi hakikumtenga na Mungu.

Mambo ayaonayo mwanafunzi

Na wakatekumeni wayasikie machache yaliyoandikwa katika daftari la yule binti, ili wajue ni kazi ya nani.

Mtoto mchanga huzaliwa na vipande vya mifupa karibu 300, vingi vyao laini, ili apate kupita katika mlango wa uzazi na kukua. Kadiri anavyokua vipande vingine huungana, hata mtu mzima anakuwa na mifupa 206. Katika mkono mmoja tu, kuanzia kifundo cha mkono hata ncha za vidole, imo mifupa 27. Kwa hiyo mkono waweza kushika jembe, na mkono uleule waweza kuitoa sindano katika mavumbi. Mfupa ulio mrefu kuliko yote ni ule wa paja.

Moyo ni mdogo, karibu sawa na ngumi ya mwenyewe. Ndani yake mna vyumba 4. Vyumba vya upande wa kulia hupokea damu iliyochoka, iliyokwisha kuzunguka mwilini, na kuipeleka mapafuni kupata hewa safi. Vyumba vya upande wa kushoto huipokea damu hiyo iliyoburudishwa, na kuisukuma mpaka kichwani, mikononi, tumboni na miguuni. Kisha hurudi tena. Mganga wa Uingereza, jina lake William Harvey, ndiye aliyeueleza wazi mzunguko huo wa damu katika kitabu chake cha mwaka 1628. Mtu mzima ana damu ipatayo lita 5, na moyo wake hupiga karibu mara 100,000 kila siku, amelala au yu macho, anasali au anatenda dhambi.

Basi, na itazamwe tabia ya moyo. Hupokea damu, lakini haujiwekei. Ungeizuia damu yote ndani yake kwa dakika chache, mtu angekufa, na moyo wenyewe ungekufa pamoja naye. Hupata uhai wake kwa kutoa. Mtakatifu Paulo alipowaandikia Wakorinto aliufananisha mwili na Kanisa: viungo ni vingi, mwili ni mmoja, wala jicho haliwezi kuuambia mkono kwamba halina haja nao, kiungo kimoja kikiumia, vyote vyaumia pamoja nacho. Mwanafunzi wa mwili hulisoma fundisho hilo kwa macho yake.

Lakini kuna jambo moja asiloliona. Aweza kuvifungua vyumba vyote 4 vya moyo asikute humo upendo wala chuki. Aweza kuupima ubongo asione humo sala. Roho haipimwi kwa mizani. Kwa hiyo elimu ya mwili ni njema, ila si elimu yote. Yamwonyesha mtu jinsi nyumba ilivyojengwa; mwenye nyumba yamjua kwa njia nyingine.

Mtoto aliyenunuliwa kwa bei

Ng'ambo ya ziwa, karibu kuelekeana na Moba, iko missioni ya Karema katika nchi ya Tanzania. Huko limo kaburi la mtu ambaye maisha yake yafafanua somo hili kuliko maneno mengi. Jina lake Adriani Atiman.

Alizaliwa karibu na mwaka 1866 kando ya mto Niger, si mbali na mji wa Timbuktu, katika nchi iitwayo sasa Mali. Akiwa bado mtoto alinyakuliwa na wateka watumwa, akavushwa jangwa la Sahara, akafikishwa Algeria. Huko, mwaka 1876, Mapadri Weupe wakamkomboa kwa faranga 300. Hiyo ndiyo iliyokuwa bei ya mwili wake sokoni: mifupa yote ile, moyo ule, mikono ile yenye mifupa 27 kila mmoja, kwa faranga 300.

Mapadri walimlea na kumfundisha. Akawa mkatekumeni, akabatizwa. Kisha Askofu Mkuu Lavigerie, mwanzilishi wa shirika lao, akawaza hivi: Afrika yahitaji waganga walio Waafrika, wenye elimu kamili na imani kamili, watakaooa na kuishi katikati ya watu, wakiponya miili na kufundisha dini. Kwa ajili hiyo mwaka 1881 alifungua nyumba katika kisiwa cha Malta, ili vijana waliokombolewa utumwani wasome uganga katika chuo kikuu cha huko. Atiman akawa mmoja wao. Yeye aliyehesabiwa kuwa bidhaa sasa alikaa mbele ya meza ya wenye elimu, akijifunza jina la kila mfupa na kazi ya kila kiungo. Na hapo aliweza kuona jambo ambalo wauza watumwa hawakutaka kulijua: ndani ya ngozi, mifupa ya mtumwa na ya sultani ni hesabu ile ile, na damu yao ina rangi moja.

Mwaka 1888 masomo yake yalikwisha. Angeweza kutafuta mahali pa raha, lakini alisafiri mpaka Zanzibar, na kutoka pwani akapanda bara pamoja na msafara, safari ya miezi mingi. Mwaka 1889 akafika Karema. Mwenzake Yosefu Gatchi, aliyesoma Malta kama yeye, alitumika upande wa Kongo wa ziwa. Atiman akamwoa Agnes Wansahira, binti wa nchi ile. Mwana wao Yosefu akapewa upadri mwaka 1923. Naye baba akabaki Karema akitibu wagonjwa na kufundisha katekisimu mpaka alipofariki mwaka 1956. Ni miaka 67. Alisoma Malta miaka michache, akayatoa aliyoyasoma maisha yake yote. Alikuwa kama moyo: alipokea, akatoa.

Mtakatifu Paulo aliwakumbusha Wakorinto kwamba wao si mali yao wenyewe, maana wamenunuliwa kwa bei, kwa hiyo wamtukuze Mungu katika miili yao. Adriani Atiman aliweza kulielewa neno hilo kuliko watu wengi. Faranga 300 zilimtoa katika mikono ya mwuza watu. Damu ya Yezu Kristu ilimtoa katika mikono ya shetani. Kwa bei ya kwanza alipata uhuru, na kwa bei ya pili alijua uhuru huo ni wa kufanyia nini.

Fimbo na daftari

Na sasa habari irudi kwa yule mzee wa Kirungu, aliyeachwa amenyamaza kati ya wazee na vijana.

Binti wa dada yake akapiga magoti mbele yake, akasema, "Mjomba, uniruhusu niseme." Mzee akajibu, "Sema, mwanangu." Binti akafungua daftari lile lile walilolichukia, akawaonyesha. Akawaambia kwamba mbu jike amwumapo mtu aweza kuingiza katika damu yake vijidudu vya malaria. Vijidudu hivyo husafiri kwanza mpaka katika ini, huzaana humo, kisha huingia katika chembe nyekundu za damu na kuzipasua. Katika mtoto mdogo chembe zilizoharibika zaweza kunata katika mishipa myembamba ya ubongo. Hapo ndipo mwili hukakamaa na macho kugeuka. Akawaambia kwamba habari ya mbu iligunduliwa mwaka 1897 na mganga Ronald Ross kule India, ambako hakuna aliyemjua mjane wa kijitoni.

"Mama yule," akasema binti, "hajaingia katika damu ya mtoto huyu. Mbu ameingia. Mkimpiga mama, mbu atarudi usiku wa leo. Mtoto na apelekwe hospitalini sasa, kabla giza halijazidi."

Mzee akasimama. Akasema kwa sauti ya chini, "Mimi siko pamoja nanyi katika fimbo. Niko pamoja nanyi katika kumbeba mtoto." Akatwaa machela, akashika mpini wa kwanza. Baba wa mtoto alisita kidogo, akashika wa pili. Wakashuka usiku ule ule.

Hospitalini mtoto akachomwa dawa ya malaria, akapona. Lakini wakatekumeni na waangalie vema: hata kama mtoto angefariki, mjane asingekuwa na hatia. Ukweli hautegemei mwisho mwema. Wako watoto wafikishwao hospitalini wamechelewa, wakafa mikononi mwa waganga hodari, na machozi ya wazazi wao ni halali. Bali fimbo juu ya mzee asiyejitetea si halali siku yo yote. Mjane yule naye ni mwili uliofinyangwa na Mungu, mwenye mifupa 206, mingi yake imechoka kwa kazi. Anayempiga ampiga Kristu.

Wala asiwepo mtu wa kusema kwamba aendaye hospitalini hamtegemei Mungu. Yoshua bin Sira alifundisha kwamba mganga astahili heshima, kwa kuwa Bwana ndiye aliyemwumba, na kwamba dawa zatoka katika ardhi kwa mapenzi ya Mungu. Mtakatifu Luka Mwinjili alikuwa mganga. Mkristu mgonjwa humwita padri ampake mafuta matakatifu, na humwita mganga ampe dawa. Hivyo viwili havigombani. Kigombanacho na Mungu ni ramli, kwa maana humwacha Baba wa kweli, na humtafutia kila maradhi adui katika jirani.

Subira ya masomo

Wako wakatekumeni wachokao. Kardinali Lavigerie aliwawekea wamisionari wake kanuni ya kuwatayarisha watu kwa miaka 4 kabla ya ubatizo, na tangu zamani hizo wengi wameinung'unikia wakisema kwamba njia ni ndefu. Lakini hakuna atakaye kupasuliwa na mganga aliyesoma mwezi mmoja. Stefano Kaoze alianza katika seminari ndogo ya Mpala mwaka 1899, naye hakupadrishwa ila tarehe 21 Julai 1917, hapo hapo Kirungu, mji ulioitwa wakati ule Baudouinville. Akawa padri wa kwanza Mkongomani wa zama hizi. Miaka 18 ya masomo, na nchi yote ikapata faida.

Ajifunzaye mwili hukariri jina moja baada ya jingine asijue ni siku gani atalihitaji. Kisha usiku mmoja mtoto akakakamaa, na jina lile huokoa uhai. Ndivyo ilivyo katekisimu. Amri ikaririwayo leo chini ya mwembe yaweza kuonekana ni maneno matupu. Lakini usiku wa fimbo ndiyo itakayomsimamisha mtu kwa miguu yake. Basi mkatekumeni asione haya kusoma polepole, wala mzazi asimzuie binti yake kwenda chuoni. Na aliyekwisha kusoma asiifungie elimu yake daftarini. Elimu ni deni, na wagonjwa ndio wanaodai.

Maswali ya kukumbuka

Ni nani aliyeuumba mwili? Ni Mungu, naye Mwana wake aliutwaa, akafufuka nao.

Je, Kanisa lakataza kuujifunza mwili? Hapana. Lakataza kuudharau, ukiwa hai au umekufa.

Moyo wamfundisha nini Mkristu? Kupokea na kutoa, wala kutojiwekea.

Mtoto akishikwa na homa, mkatekumeni afanye nini? Asali, ampeleke hospitalini upesi, wala asimtafute mchawi katika jirani yake.